Maringo ya Shaba

Saa kumi alasiri Mama Mbwa, kama mtaa ulivyomwita kwa kazi yake ya kuzalisha mbwa, alikuwa uani anasugua mabakuli, mbwa wake Shaba akaingia. Shaba alikuwa amekufa tangu mwezi wa tatu, na Mama Mbwa alimzika mwenyewe nyuma ya tangi la maji, kwa hiyo alimwambia tu asikanyage ndani, sakafu imepigwa deki sasa hivi.

Shaba akakanyaga. Hata alipokuwa hai hakuwa msikivu.

Kilichomfanya Mama Mbwa aache kusugua ni kiuno. Kilikuwa kimetulia tuli, miguu inakwenda sawasawa. Ukoo mzima wa Shaba ulikuwa maarufu kwa mwendo wa kuyumba, na kwa kukaa upande kama wageni kwenye kochi jipya. "Mbwa wa maringo," wateja walisema, na miaka kumi na tano Mama Mbwa alimbakiza wa kuzalisha yule aliyeyumba kuliko wenzake. Alijivunia, wee!

Kesho yake alimpeleka Lulu, binti wa Shaba, kwa daktari wa mifugo. Daktari akainua picha ya mifupa dirishani.

"Mama, haya si maringo. Nyonga zimelegea, anakwepa maumivu. Ameyarithi, na watoto atawarithisha."

"Mama yake siku hizi anatembea vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu afe."

Daktari akaandika hivyo kwenye kadi.

Jioni wifi yake alikuja na dume lake, mjukuu wa Shaba kwa tumbo jingine, ampande Lulu kama walivyopatana. Shaba alikuwa amelala kizingitini. "Hujambo, Shaba," wifi alisema, akamruka.

"Lulu hazai," Mama Mbwa alisema. "Atafungwa kizazi Jumatatu. Na wewe wifi yangu, nakuomba, mpime huyo."

"Makubwa! Watu sita wanangoja watoto!"

"Wanangoja vilema. Mimi ndiye niliyewatengeneza, sikujua."

"Shauri yako. Wa kuzaa naye hawakosekani."

Akaondoka na dume lake. Lilikwenda likiyumba mtaa mzima, na fundi viatu akaacha nyundo, akapiga makofi: "Maringo hayo!"

Mama Mbwa alilia kidogo, akajifuta kwa kanga, akapiga magoti kizingitini. Moyo ulikuwa umejaa shukrani mpaka akakosa pa kuanzia.

"Asante, mama," alimwambia Shaba. "Ungeweza kubaki huko ukapumzika zako. Miaka kumi nilikupigia makofi unaumwa, na bado umerudi kunionyesha."

Shaba akainuka, akakatiza ua mara moja tena, polepole, amenyooka, ili aonekane vizuri. Lulu alimtazama mama yake. Akajaribu kusimama amfuate, miguu ikamkatalia, akakaa upande kama kawaida yake. Mama Mbwa akakunja blanketi, akamwekea chini ya nyonga.