Mkono wa Mama

Mkurugenzi wa jumba la sanaa walimbandika jina Mikono Nyuma, na alilipata kwa haki. Alianza kazi pale mlangoni, akipokea mikoba ya wageni, akapanda mpaka akawa yeye ndiye mwenye kuamua picha ipi itundikwe na ipi irudi kwa mwenyewe. Ukisogeza kidole tu karibu na picha, utamsikia: "Mikono nyuma!" Hata waziri aliambiwa, na waziri akatii kama mwanafunzi.

Kaka yake mchoraji alijivunia dada huyo, ingawa picha zake zote zilirudishwa. "Bado, kaka. Undugu tunauacha mlangoni."

Halafu juzi dada alipita kwake kunywa chai, akaiona picha ya marehemu mama yao, rangi haijakauka. Aliibeba mwenyewe hadi kwenye gari.

Lakini mkono wa kushoto ulikuwa haujachorwa! Mahali pake palikuwa na kitambaa kitupu.

Asubuhi ya maonyesho kaka aliingia ukumbini mbio, brashi imelowa rangi mkononi. Dada alikuwa tayari amesimama mbele ya picha kama golikipa.

"Nipishe nimalizie. Watasema nimemfanya mama kilema."

"Kwa nini hukuuchora?"

"Nilichora nikafuta, nikachora nikafuta. Siukumbuki, dada."

"Basi ndiyo maana nimeitaka hii. Zile nyingine ulijifanya unajua kila kitu."

"Maneno matamu! Atakayechekwa ni mimi."

"Wewe? Watasema Mikono Nyuma kazeeka, sasa anatundika picha za kaka yake. Wapo wanaongoja niteleze tangu nilipotoka kule mlangoni. Nimeyapima hayo yote, na picha inabaki."

Milango ikafunguliwa, kaka akaichomeka brashi mfukoni haraka.

Wa kwanza kufika alikuwa baba yao. Alisimama mbele ya picha mpaka watu wakamzunguka. Kisha akanyoosha mkono wake, taratibu, akakilaza kiganja pale patupu, vidole vimekunjwa kidogo, kama mtu aliyeshikwa mkono.

Mlinzi akaruka. "Mzee! Mikono ny..."

"Mwache," alisema mkurugenzi. Yeye mwenyewe akaiweka mikono yake nyuma.

Kaka alihisi rangi ikipenya suruali, ikimlowesha paja. Hakuigusa brashi.