Betri Zilizochoka

Sauti ilianza chini kabisa, kama ng'ombe dume aliyezama matopeni akakata tamaa ya kutoka. Ikavuta, ikalegea, ikavuta tena. Nje ya ukuta mtu akacheka.

"Mika! Unatengeneza au unachinja?"

Alikuwa Issa, jirani, anapita na jembe begani. Nilizima mashine haraka kuliko nilivyoiwasha. Masikio yalikuwa yanawaka kwa aibu.

"Mbona umezima?" akauliza Bibi Raheli. Alikuwa upande wa pili wa moto, ungo wa maharage mapajani, na vidole vyake vilikuwa vimesimama.

"Haijawa tayari, bibi!" nilipaza sauti, maana bila kupaza hasikii.

Akanitazama kitambo. Halafu akarudi kwenye maharage yake.

Mashine ilikuwa tepurekoda ya zamani, ya magurudumu mawili, inayotumia betri sita za tochi. Mmisionari mmoja alimwachia mume wa bibi, Mzee Tobia, mwaka wa Uhuru. Tobia alikuwa mpiga tarumbeta wa usharika wetu, na kabla mmisionari hajashuka Lushoto kwenda zake, alimnasa kwenye tepu akipiga peke yake wimbo mmoja. Tobia alikufa miaka mitano baadaye. Panya na kutu wakairithi mashine.

Mwaka huu wa sabini na nne masikio ya Bibi Raheli yalianza kuondoka. Hayakuondoka pamoja. Kwanza, aliniambia, ndege wa asubuhi walinyamaza. Kisha vifaranga wakawa mabubu, anawaona wanafungua midomo tu. Sikio la kulia likafa wakati wa mavuno ya mahindi. La kushoto, alisema, limeingia ukungu.

"Nataka nimsikie Tobia kabla ukungu haujafunga," aliniambia. "Wewe si unajisifu kwa kila kitu? Ifanye iseme. Nikisikia mara moja, chukua yote, mashine na tepu yake."

Ni kweli najisifu. Hakuna aliyenifundisha mizani wala vina. Nilivitafuta mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia sukari. Nina mashairi arobaini, na nilitaka kuyanasa kwa sauti yangu niyapeleke redioni, Dar es Salaam, wajue huku milimani nako kuna watu. Tepu ilikuwa hiyo moja. Tarumbeta la Tobia lingefutika, lakini bibi angekuwa amekwisha kusikia. Mapatano ni mapatano.

Basi nilichoka wiki tatu. Mchana nilikuwa shamba la kijiji, kwenye matuta ya viazi, mpaka mgongo unakataa kunyooka. Jioni nilikwenda kwa bibi na kufungua skrubu kwa ncha ya kisu. Mpira unaozungusha magurudumu ulikuwa umeyeyuka ukawa lami. Nilikata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli. Ukateleza, ndio huo ulioleta ng'ombe wa Issa. Betri nazo zilikuwa kuukuu. Wengine huzianika juani zipate nguvu, lakini kwetu Julai ukungu hauondoki mpaka saa nane, kwa hiyo nilizilaza kando ya mafiga kama viazi vya kuchoma.

Baada ya aibu ile nilisema sitaki tena mchezo. Nilitafuta tyubu ya lori, nikakata mpira mwembamba kwa wembe. Wa kwanza ukakatika, wa pili ukapinda, wa tatu nikaukata vizuri kisha nikaudondosha motoni. Wa nne ukakaa. Nilisafisha kichwa cha kusomea tepu kwa gongo, harufu ikamfanya bibi aniulize kama nimeanza kunywa. Nilishuka Lushoto kwa miguu mara mbili kutafuta betri mpya. Mara ya kwanza duka la ushirika halikuwa nazo. Mara ya pili nilipata sita, za mwisho.

Jumamosi, tulipotoka shambani, niliwaita watu. Nilimwita Issa kwa jina, mbele ya wote.

"Njoo usikie ng'ombe."

Walijaa uani. Nikaiweka mashine kwenye kinu kilichopinduliwa, sikio la kushoto la bibi likiwa karibu kabisa. Nikawasha.

Tarumbeta likapanda. Safi, jembamba, kali, kama baridi ya asubuhi puani. Hakuna kilichotetemeka. Mama mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Issa akavua kofia.

Nikamtazama bibi.

"Washa basi," akasema.

Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Bibi akaangalia magurudumu yanavyozunguka, kisha akaangalia nyuso za watu, moja baada ya nyingine.

"Mnasikia nini?" akauliza. "Mbona mimi sisikii?"

Nami, Mungu anisamehe, nilikasirika. Nilikasirika kama mtu aliyepika karamu na mgeni akasema hana njaa.

"Ni Tobia huyo!" nilifoka. "Anapiga! Wiki tatu, bibi, wiki tatu nimehangaika, na sasa ni kamili!"

"Usinipigie kelele, mwanamume wewe, mghoshi. Na kelele zako nazo sizisikii vizuri."

Watu wakaanza kuondoka wakitazama chini. Nikazima, nikakaa kwenye kizingiti. Uchovu wote wa matuta na wa njia ya Lushoto ulinishukia kwa pamoja. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni.

Bibi akaja akakaa karibu yangu, taratibu, akishika nguzo.

"Siku ile Tobia alisema," akasema.

"Siku gani?"

"Siku ile uliyozima. Nilimsikia. Alikuwa mzito, kama amebeba gunia, lakini alikuwa yeye. Nikadhani utamrudisha."

Nikakumbuka alivyoniambia. Ndege kwanza, kisha vifaranga. Sauti nyembamba ndizo zilizomkimbia, na mimi wiki nzima nilikuwa nafanya kazi ya kuifanya sauti ya Tobia iwe nyembamba.

Nikazitoa betri mpya kwenye mashine, nikaingia jikoni. Zile kuukuu zilikuwa bado kando ya mafiga, zimejaa majivu. Nikazipangusa kwenye suruali, nikarudi kuzipachika, nikaisogeza mashine kwenye sikio la kushoto la bibi, nikawasha, magurudumu yakazunguka kwa kujikokota.

Ng'ombe akalia matopeni. Bibi Raheli akafumba macho. Polepole, nyuma kidogo ya mashine, akaanza kuufuata wimbo kooni, na hakukosea mahali hata pamoja.

Kutoka njiani Issa akapaza sauti: "Mika! Imekufa tena?"

Jibu nilikuwa nalo, lina vina kati na mwisho. Nililimeza.

Wimbo ulipokwisha bibi alifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Haya. Nimesikia mara moja. Chukua vitu vyako, mjukuu wangu. Ukayaseme mashairi yako."

Niliitazama tepu. Kisha niliinama kwenye sikio lake la kushoto, na kwa mara ya kwanza sikupaza sauti. Niliishusha, chini kabisa, mpaka ilipotoka tumboni.

"Inabaki hapa, bibi. Sitanasa neno langu hata moja juu yake, wala sitaitengeneza tena. Kila Jumamosi nikitoka shambani nitakuja na betri zilizochoka, na zikikosekana, nitakwenda kwa Issa nimwombe za tochi yake."