Mama Yako Alizaliwa Wapi

...na sasa kila mtu na jina lake, kila mtu na neno lake la siri, Bi Ruwaida ameyasema hayo mara tatu tangu asubuhi kana kwamba ni dawa aliyoigundua yeye, na Kenga anaitikia naam, naam, vidole vikigonga, Habib ameingia, Dorcas ameingia, Yaseen ameingia, ofisi nzima ya wapima ardhi inaandikishwa kwenye waifai mmoja mmoja, ilhali miaka yote neno lilikuwa moja, limebandikwa ukutani juu ya chupa ya chai, hata muuza maji alilijua... na lingebaki pale pale lau si ile ramani, ramani ya mashamba ya Adu iliyotoka humu mwezi wa sita ikawafikia wanakijiji kabla mnunuzi hajapiga vigingi vyake, wakakimbilia kortini, naye mnunuzi akaja hapa kugonga meza, nani kaituma, na mtandao uliijua ofisi tu, mtu haukumjua, basi wakatazamana, kisha wote wakamtazama Sidi, karani wa mafaili, kwani si yeye kwao ni Adu? Ushahidi wote ndio huo. Na Kenga, fundi wa mitambo, nani angemgeukia, kwao ni Ganda, kwa baba, na mtu huulizwa kwao kwa baba, upande wa mama nani ana haja nao... mama aliyezaliwa Adu, hawe, nyanya yake, aliyezikwa Adu, kaburi lake katikati ya shamba namba kumi na saba, na kwenye ramani pale peupe, hata nukta hakuna, naye Kenga akaituma akiwa amesimama hapo kwenye chupa ya chai, kikombe mkononi, kazi ya dakika moja, na siku Sidi alipoitwa ndani Kenga alikuwa chini ya meza akivuta waya, akamsikia, haki ya Mungu Bi Ruwaida si mimi, naye akaendelea kuvuta waya, mwoga mkubwa.

“Huyo Sidi bado yumo kwenye orodha?” Bi Ruwaida yuko nyuma yake, miwani puani. “Mtoe, mwanangu. Sasa mwizi hana pa kujificha.”

Naam. Anamtoa, haichukui hata pumzi moja... Sidi anauza mahamri Mambrui siku hizi, na Jumamosi alimwongeza moja, chukua kaka Kenga, wewe peke yako hukunisema vibaya, na kweli hakumsema vibaya, hakusema chochote, akalila hilo hamri njiani huku akijichukia.

“Haya, jaza lako tuone.”

Jina, anajaza. Neno la siri, anajaza. Halafu swali la kumtambua mwenyewe siku akilisahau, mashine imelileta tu, mama yako alizaliwa wapi, na jibu litaonekana kwa herufi kubwa, Bi Ruwaida anasoma kila kitu... aandike Ganda, mashine itajuaje, aandike hata Makka, lakini miezi yote hii amelala kwa neno moja tu, hawakuniuliza, wangeniuliza ningesema, hilo ndilo lililompa usingizi huku Sidi akikanda unga alfajiri, na sasa ameulizwa.

“Jaza, Kenga, chai inapoa.”

Naam, anasema, na kidole kiko juu ya A, bado hakijabonyeza.