Maji ya Saa Tisa

Simu zaidi ya thelathini zilikuwa juu, kama mikono ya wanafunzi wanaojua jibu. Mimi niliyeomba njia nzima kutoka Chitete nikute watu watano tu, nilitamani kurudi garini.

"Karibu, mtaalamu wa mawimbi," alisema mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sadoki. "Watu wamekuja na simu zao. Mnara utasimama upande gani?"

Barua ya wilaya ilisema naleta matokeo ya utafiti wa mawimbi. Katika kijiji ambacho ukitaka kupiga simu sharti upande juu ya kichuguu, mawimbi ni ya aina moja tu.

"Shikamoo, mzee," nikasema, sauti ikitoka nyembamba kama uzi. "Si mawimbi ya simu. Ni haya ya ziwani."

Simu zikashuka moja moja.

"Hayo tunayo tayari," mtu akasema. "Tena hayaishiwi chaji."

Wakacheka hadi benchi moja likaegemea upande, nami nikajikuta nacheka nao.

Wengi waliondoka. Mbele wakabaki akina mama wa kikundi kilichoongozwa na Ferista, waliokuwa wakishona nyavu tangu masika. Jumatatu wangeshusha vizimba vya kufugia samaki katika Ziwa Rukwa, mahali ambapo ramani yangu ingewaelekeza. Nikiwapoteza, mawimbi yangechana nyavu na jasho lao lote lingeogelea zake.

Nilitandaza ramani mezani. Kompyuta yangu ilikuwa imelishwa upepo wa miaka kumi, nayo ikanirudishia kimo cha mawimbi katika kila pembe ya ziwa. Ghuba iliyo mbele ya kijiji ilikuwa ya buluu, rangi niliyoipa utulivu.

"Hapa," nikasema.

Nyuma, mwanamke mwenye fimbo ya kuchungia akaguna. Alikuwa Stamili, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la Rukwa na mifugo yake.

"Hapo ng'ombe wangu hawanywi."

"Kwa nini, mama?"

"Maji yanapigwa mpaka yanakuwa tope. Ng'ombe ananusa, halafu ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekoroga."

"Lakini kwa wastani wa siku," nikajitetea, "mawimbi ya hapo hayazidi kiganja."

"Huyo wastani simjui, mwanangu. Ng'ombe hanywi wastani. Anakunywa saa tisa."

Masikio yalinichoma. Chuoni nilizipenda namba kwa sababu hazimkazii mtu macho. Nyuma yake niliweza kujificha nikaitwa hodari. Sasa niliona nilichokuwa nimefanya: katika wastani wangu, asubuhi ya upole na usiku mtulivu vilikuwa vimeimeza ile saa tisa yenye hasira. Ningeweza kunyamaza. Nani angebishana na mtaalamu? Lakini Ferista alikuwa amelaza mikono juu ya ramani yangu, na vidole vyake vilikuwa na makovu ya sindano ya kushonea nyavu.

"Mama anasema kweli," nikasema, na safari hii hata waliokuwa mlangoni walisikia. "Ramani yangu imekosea. Twendeni tukaone."

Saa tisa ilitukuta ufukweni. Upepo ukateremka kutoka kwenye miinuko kama mtu aliyechelewa harusi, na ghuba yangu ya buluu ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Mawimbi mafupi, ya haraka, yakaanza kupigana makofi. Akina mama wakashangilia kana kwamba timu yao imefunga bao. Sijawahi kukosea hadharani nikafurahi kiasi kile.

"Sasa sisi tuende wapi?" Ferista akauliza.

Stamili alikuwa ameshatangulia. Tukamfuata, viatu mkononi, tukazunguka ulimi wa ardhi uliojaa matete. Nyuma ya ulimi huo upepo ulipita juu ya vichwa vyetu bila kugusa maji. Ng'ombe walikuwa wamejipanga, wanakunywa. Kila mdomo ulichora duara lake, na maduara yakasafiri mbali bila kuvunjika.

Ferista alichuchumaa akachota maji kwa kiganja, akayatazama. Akatabasamu.

Nikatoa daftari.

"Mama Stamili, na mwezi wa nane hapa panakuwaje?"

"Kaa chini kwanza," akasema, akinisogezea nafasi kwenye nyasi. "Mwezi wa nane una maneno mengi."