Ndevu za Shiundu

Miaka mitatu baada ya watu Nairobi nzima kuzitupa barakoa zao, Everline alikuwa bado anavaa yake, ya kitambaa, iliyoshuka hadi shingoni. Kiwandani kule Industrial Area, alikokuwa akishona ovaroli, wenzake walijua ana kifua kisichopatana na vumbi la vitambaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia hivyo. Kanisani alisema ni mzio. Majirani wa ghorofa lao pale Huruma hawakuuliza, naye akashukuru.

Ukweli ni kwamba Everline alikuwa na ndevu. Si vile vinywele viwili vitatu ambavyo mwanamke huving'oa kwa kibano huku akiongea na simu. Zilikuwa ndevu hasa, ngumu na za kujikunja, zilizoanzia chini ya masikio, zikakutana kidevuni na kuteremka hadi shingoni. Zilianza kuota akiwa bado msichana na hazikuwahi kuchoka kuota. Daktari mmoja alimwambia ni mambo ya homoni, akamwandikia vidonge. Vidonge vikamnenepesha, ndevu zikabaki palepale.

Kuna wakati alikuwa na mtu, fundi wa magari aliyeitwa Kweyu, mwanamume wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Asubuhi moja, akiwa nusu usingizini, Kweyu alimpapasa shavu. Kidole kikafika kidevuni, naye akauondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Alikunywa chai yake, akaenda kazini, na tangu siku hiyo simu zake zikaanza kupungua mpaka zikakoma. Everline hakumlilia Kweyu sana. Kilichomliza ni jinsi alivyoinywa ile chai, kimya, macho kwenye kikombe.

Basi akajizoesha kuamka kabla ya wapangaji wengine na kunyoa upesiupesi gizani, bila kuwasha taa, kwa zile nyembe za plastiki zinazoning'inia katika kila kioski. Alinyoa akikandamiza, akarudia palepale mara kadhaa, ili awe laini hadi jioni. Ngozi ikakataa. Vipele vikajaa shingo nzima, vingine vikatunga usaha, mpaka akawa hawezi hata kugeuza kichwa akiwa kwenye cherehani. Ndipo alipokwenda zahanati.

Muuguzi alimwomba avue barakoa, akamtazama kama anayetazama goti lililochubuka.

"Nywele zako zinajikunja," akasema. "Hizo nyembe za plastiki zina makali mawili matatu. Zinakata chini ya ngozi, halafu nywele ikiota inapinda na kurudi ndani. Tafuta mashine ya chuma, ile ya zamani inayotiwa wembe mmoja. Na uache kujikwaruza, dada."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kulitaja jambo hilo mbele yake bila kushtuka. Everline alitamani kukaa pale kidogo zaidi, lakini foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika mlangoni.

Alingoja vidonda vikauke, kisha Jumamosi moja, baada ya kazi, akaenda Eastleigh. Katika jengo moja la maduka kwenye First Avenue alipanda na kushuka ngazi, akapita nguo za arusi, mapazia na mazulia, mpaka akaliona duka dogo lililojaa marashi, udi na vifaa vya vinyozi. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo aitwaye Yahye, mwenye ndevu fupi zilizotiwa hina.

"Karibu, mama. Unatafuta nini?"

"Mashine ya kunyolea ndevu. Ya chuma, ya wembe mmoja."

"Ya mzee?"

Angeweza kusema ni ya kaka yake, au ni zawadi, au angenyamaza tu.

"Eeh," akasema. "Ya mzee."

Yahye alitandika kitambaa juu ya kabati la kioo, akapanga mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa na mpini mrefu, na ukiuzungusha mkia wake, kichwa kilifunguka kama milango miwili ya kabati. Ya pili ilikuwa nzito, inayong'aa, kichwa chake kina meno kama kitana. Ya tatu ilikuwa fupi, haina urembo wowote, na iliachana vipande vitatu mkononi. Everline aliipenda ile yenye meno. Alipoinyooshea mkono, Yahye akaivuta upande wake taratibu.

"Ngoja kwanza. Siwezi kukuuzia kabla sijamjua mwenyewe. Ndevu zake zikoje?"

"Ngumu. Zinajikunja. Nyingi ziko chini ya taya, mashavuni ni chache."

"Zinalala kuelekea wapi?"

"Shingoni zinaelekea juu. Upande wa kushoto zinazunguka."

Yahye aliinua macho. "Mashallah. Wake wengi wakija hapa hata hawajui kama mume ana kovu."

Everline alihisi joto likimpanda nyuma ya barakoa.

"Anatokwa na vipele?"

"Sana."

"Anakandamiza?"

"Anakandamiza, halafu anarudia."

"Maji moto anatumia?"

"Hana nafasi. Hunyoa alfajiri, gizani, mbiombio."

"Gizani kwa nini? Hamna stima?"

"Hataki kuonekana."

Yahye alicheka, lakini kicheko chake hakikuwa na ubaya. "Mwambie kunyoa si kuiba." Akairudisha ile yenye meno ndani ya kabati. "Hii ni ya ndevu ndefu na mkono uliozoea. Itamkata. Hii ndefu ni nzuri, lakini mtu anayekandamiza ukimpa mpini mrefu utakuwa umemwongezea nguvu." Akaichukua ile fupi. "Hii ni pole. Wembe wake hauchomozi sana. Na ina uzito. Auache huo uzito ufanye kazi, yeye aongoze tu. Shika uone. Si kwa ngumi, kwa vidole, kama unavyoshika sindano."

Hilo Everline alilijua. Akaishika. Chuma kilikuwa baridi, na kilipotulia kati ya vidole alishangaa jinsi kilivyoelekea chini chenyewe, bila kusukumwa.

"Kwanza maji moto na kitambaa," Yahye aliendelea, akiipitisha mashine tupu juu ya mkono wake. "Sabuni aikoroge kwa brashi mpaka iwe povu zito. Halafu afuate nywele zinakolala, asizipinge. Apitishe mara moja. Zinazobaki, zibaki. Si lazima mtu awe kama sahani."

Alipokuwa akimfungia mashine, brashi na pakiti ya nyembe, akauliza, "Mzee anaitwa nani?"

"Shiundu." Ndilo jina la kwanza lililomjia.

"Msalimie Shiundu. Mwambie Yahye amesema polepole."

Siku iliyofuata, alipotoka kanisani, Everline alifunga mlango kwa ufunguo, akachemsha maji, akaweka beseni na kioo juu ya meza karibu na dirisha. Alianza na pazia likiwa limefungwa. Halafu, kwa kuwa haoni vizuri, akalifungua. Hakukumbuka ni lini alikuwa ameutazama uso wake kwa muda mrefu hivyo mchana. Alikanda kwa kitambaa cha moto, akapaka povu, akaishika mashine kwa vidole. Wembe ulipita na sauti ndogo kavu, akausikia ukikata. Chini ya taya mkono wake ukasahau, ukaanza kukandamiza, na tone la damu likachungulia katikati ya povu.

"Polepole, Shiundu," akasema kwa sauti.

Akacheka. Kicheko kilisikika chumbani kama cha mgeni, naye akanyamaza akikisikiliza hata baada ya kwisha.

Ngozi ilichukua muda, lakini ilipona. Vipele vilinywea, shingo ikaanza kugeuka bila maumivu. Nyembe zilipokaribia kwisha alirudi Eastleigh, na kabla hajasema analolitaka Yahye akauliza, "Mzee Shiundu anaendeleaje?"

"Vipele vinakwisha."

"Alhamdulillahi! Na shingo? Shingo ndiyo ngumu."

"Hata shingo."

Yahye alifurahi kweli, uso mzima. Akamweleza kuhusu jiwe la shabu, jinsi ya kulilowesha na kulipitisha palipokatika ili damu ikome. Akauliza kama mzee siku hizi anawasha taa. Everline akajibu kila swali, akachelewa kuondoka. Barabarani ndipo alipofikiri kwamba katika mji huu wote hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kumuuliza habari za nyumbani kwake akangoja jibu.

Akarudi kununua shabu. Akarudi kununua sabuni. Akarudi kununua nyembe ambazo hakuzihitaji. Kila alipokwenda, Shiundu aliongezeka kidogo. Ikawa anafanya kazi reli, hapendi samaki, anakoroma akilala chali. Yahye naye akamsimulia mkewe aliyekuwa Garissa akimuuguza mama yake, na jinsi nyumba inavyokuwa kubwa mtu akibaki peke yake. "Wewe una bahati," alimwambia, "unarudi nyumbani kuna mtu." Na pakiti za nyembe zikazidi kurundikana katika droo ya Everline, nyingi kuliko uso mmoja ungeweza kuzimaliza.

Jumatatu moja alikwenda kazini bila barakoa. Ndindi, aliyeshona kwenye cherehani ya kando yake, alimtazama mara moja.

"Kifua kimepona?"

"Kimepona."

"Poa sana. Hebu nirushie huo uzi wa bluu."

Ikawa basi. Saa ya chakula alikula uso wazi kati ya wanawake wenzake, wakabishana kuhusu bei ya nyanya, na hakuna aliyeangalia kidevu chake. Alishusha pumzi, kisha akahisi kitu kingine ambacho hakukitarajia, kama baridi inayopenya chini ya mlango. Miaka yote ile alikuwa amejificha, na hapakuwa na mtu aliyekuwa akimtafuta.

Mtu ambaye Everline alitaka auone uso huo alikuwa mmoja tu, kwa sababu kwa namna fulani ulikuwa kazi ya mikono yake. Jumamosi akaenda. Yahye alihitaji muda kidogo kumtambua.

"Mama Shiundu! Leo umekuja bila barakoa. Na mzee? Utamleta lini? Nimemwambia hata mke wangu kwenye simu, kuna mteja nimemponya sijawahi kumwona. Mlete tunywe chai."

Everline alikuwa ameshatayarisha jibu, kwamba Shiundu yuko safarini, reli imempeleka Kisumu. Lakini yule mtu alikuwa akitabasamu, na alikuwa amemtaja kwa mkewe.

"Yahye, hakuna mzee."

Uso wa Yahye ukabadilika. "Inna lillahi..."

"Hapana, hajafa. Hajawahi kuwako." Akagusa kidevu chake. "Ni mimi. Ndevu ni zangu."

Yahye alimtazama kidevuni, kitambo kidogo tu, kisha akayateremsha macho hadi kwenye kioo cha kabati. Everline alimwona akiyarudia moyoni maneno yote aliyoyasema humo dukani, ya shingo, ya taya, ya ngozi na nywele zinakolala, na kuyakuta yote yalikuwa yakimhusu mwanamke aliyesimama mbele yake, asiye mkewe wala dada yake.

"Samahani, mama," akasema.

"Ya nini? Ulinisaidia."

"Nimesema mengi."

"Uliyasema vizuri."

Yahye alichukua pakiti ya nyembe, akaifunga kwa karatasi kwa uangalifu mkubwa, akaiweka juu ya kioo badala ya kumpa mkononi. Everline alipokuwa ameshageuka kwenda, akasikia nyuma yake, kwa sauti ya chini, "Imepona vizuri. Ngozi."

Alirudi mwezi uliofuata, akijiambia huenda siku zimelainisha mambo. Yahye alimpokea kwa adabu, mkono kifuani. Alimpa nyembe zilezile kabla hajaziomba, akamtakia siku njema, kisha akaenda upande wa pili kupanga chupa za marashi zilizokuwa zimepangwa tayari. Everline alielewa. Haikuwa kama kwa Kweyu. Huyu hakuchukizwa. Alikuwa akimheshimu tu, na mtu anayekuheshimu hivyo hawezi tena kukuuliza habari za shingo yako.

Jumapili alinyoa mchana, pazia wazi. Mkono wake sasa ulikuwa umezoea, povu likaondoka kwa mistari iliyonyooka, hapakutoka hata tone la damu. Katikati alijaribu kusema, "Polepole, Shiundu," lakini sauti ilitoka bila nguvu, kama anayemwita mtu ambaye yeye mwenyewe amekwisha kumkana hadharani. Hakulirudia jina hilo tena. Akamaliza, akaosha mashine, akakausha uso.

Alitoka kuanika taulo kwenye kamba ya ukumbi wa ghorofa. Jirani yake, Nyawira, alikuwa akipita na mtungi wa maji.

"Sasa," Everline akamsalimu.

"Poa," Nyawira akajibu, akaingia kwake na kuurudisha mlango kwa mguu.

Everline alibaki ameegemea ukuta mfupi wa ukumbi. Kutoka upande wa Mathare ulivuma upepo wenye harufu ya moshi na mandazi, ukampiga usoni, ukapita juu ya kidevu na shingo, mahali alipokuwa amepaficha kwa miaka mingi. Akauacha ufanye hivyo mpaka taulo likaanza kukauka.