Amri Aliyoikataa Mzee William

King'ora kilitangulia. Runinga ya Hasnain, mwenye banda la sinema, ilikuwa na tabia hiyo: sauti hutoka papo hapo, picha hujivuta mpaka kioo kipate moto. Tukakaa gizani ndani ya banda, magunia yametundikwa madirishani kuzuia jua la alasiri la Kizota, tukisikiliza king'ora cha mji tusioujua.

"Hiyo vita," alisema mtu.

"Vita gani? Kiwandani hapo, watu wanaitwa wakale."

Nikawasha maikrofoni nikawaambia wote wawili wafunge midomo, maana mtafsiri nilikuwa mimi, Zaidi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Kila mwenye deki ya video na mabati alijiita mwenye sinema. Lakini Dodoma nzima, nasema bila haya, hapakuwa na mwingine aliyetafsiri filamu kwa vina. Shule niliishia darasa la saba. Mizani nilijifunza mwenyewe, nikihesabu kwa vidole huku napiga msasa milango ya watu karakanani. Kiingereza changu kilikuwa na matundu, sikatai, ila safari hii nilijizatiti: filamu ilitokana na kitabu cha katuni, na Hasnain alikuwa ameniletea kitabu chenyewe kutoka Dar. Nilikisoma picha kwa picha.

"Zaidi," aliniambia asubuhi ile, "leo usiharibu. Kibali cha banda kinaisha mwezi huu. Kata wakininyima, nageuza hapa ghala la saruji, na wewe unarudi kwenye msasa wako."

Nilimjibu kwamba mimi sijawahi kuharibu.

Picha ikaja. Mji wa kijivu, na juu ya kila nguzo kipaza sauti. Sauti iliyotoka humo ni ya mtu mmoja tu, Mkuu wa nchi. King'ora kikilia, raia haruhusiwi kunena hata na mtoto wake. Nikafungua kwa beti:

*Mji huu wa vipaza, watu wamezibwa vinywa,*
*Mmoja ndiye aweza, kusema, wao huminywa.*

Wakapiga makofi. Banda letu lilikuwa na sheria yake: kila mhusika lazima apewe jina na sauti ya mtu wa mtaani, la sivyo watu husema filamu haina chumvi. Binti aliyejipaka masizi usoni, anayepanda nguzo kukata nyaya, nikambatiza Dorkasi. Kisha Mkuu akatokea dirishani, tumbo mbele, akafungua kinywa, na mimi nikafungua changu.

"Nasema hili kwa mara ya mwisho!"

Banda lilipasuka kwa kicheko. Sauti ile kila mtu aliijua. Ilikuwa ya Mzee William, mtendaji wa kata, aliyepita kila asubuhi na kipaza sauti cha mkononi akihimiza watu wachimbe vyoo na wafunge mbuzi. Kila siku ilikuwa mara ya mwisho, na kesho yake mara ya mwisho tena. Sikuwa nimepanga. Ilinitoka tu, pamoja na kikohozi chake.

"Yesu wangu, ni yeye!" alilia Mama Anyesi, muuza kambale wakavu kutoka Bahi, akimpiga jirani yake mgongoni. "Muulize huyo Mkuu kama kwake ana choo!"

Nilinogewa. Kila Mkuu alipofoka, nilikohoa. Kila askari walipokamata mtu, nikasema amekutwa na mbuzi asiyefungwa.

Ndipo tochi ikawaka nyuma kabisa, karibu na mlango. Mwanga ukapanda taratibu mpaka usoni mwa mwenye kuishika. Alikuwa Mzee William. Alikuja kukagua banda kabla ya kugonga mhuri wa kibali, na alikuwa amesimama pale tangu king'ora.

Kicheko kilikatika. Hasnain alishika kichwa. Mimi nilinyamaza, na Mkuu kwenye kioo akaendelea kufoka kwa Kiingereza.

"Mbona kimya?" aliuliza Mzee William. "Endelea."

"Shikamoo, mzee," nilisema kwenye maikrofoni, kama mjinga.

"Marahaba. Endelea, nimesema."

Nikaendelea, ila nikampa Mkuu sauti nyembamba isiyo ya mtu yeyote. Watu hawakuivumilia.

"Mkuu kapata mafua?"

"Rudisha ile!"

"Asirudishe," alisema Mama Anyesi, ambaye woga hakuzaliwa nao. "Mwenye sauti si yupo? Mzee, njoo useme mwenyewe!"

Nilifumba macho. Nilipofumbua, Mzee William alikuwa anapita katikati ya mabenchi. Akanyoosha mkono. Nikampa maikrofoni, moyo ukiniuma kama nimemwachia mchumba.

"Kwanza," aliwaambia watu, "mimi sikohoi hivyo. Mimi nakohoa hivi." Akakohoa. Wakaangua kicheko tena, na safari hii kilikuwa kicheko cha kushusha pumzi.

Nikawa namnong'oneza maneno, naye anayatamka. Alikuwa mzuri, nikiri kwa shingo upande. Akakataza raia kuimba, akakataza kupiga chafya. Watu walimzomea, naye akazidi kutunisha kifua.

Halafu Dorkasi akakata waya wa mwisho. Uwanja ukajaa akina mama, wazee, watoto, wote wanasema kwa mara ya kwanza. Mkuu akawageukia askari. Nikanong'ona, "Wapigeni risasi wote."

Mzee William akashusha maikrofoni.

"Mzee," nilimkumbusha, "wapigeni risasi wote."

"Hilo siwezi."

"Ndivyo ilivyo kwenye kitabu!"

Akaweka maikrofoni mdomoni. "Askari," alisema polepole, "waacheni watu waende nyumbani."

Kwenye kioo bunduki zikalia. Watu waliruka.

"Mzee, askari wako hawakusikii!"

"Nasema waacheni!" Sauti yake sasa haikuwa ya mchezo. "Waacheni! Kwa mara ya mwisho!"

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa tayari kumpokonya maikrofoni kwa kuharibu filamu, lakini niliona mkono wake mwingine umegusa kioo, kama anazuia zile bunduki, hasira ikanitoka. Kwenye kioo askari mmoja akatupa bunduki chini, kisha wengine, na mwishowe Mkuu akabaki peke yake dirishani. Mama Anyesi alianza kupiga makofi. Banda zima likamfuata.

Nje, watu walibaki wakibishana kama Mzee William alitenda haki kubadili maneno. Yeye alijifuta jasho kwa kofia.

"Hasnain, kesho njoo ofisini uchukue kibali."

Hasnain alimshika mikono yote miwili, akaitikisa.

"Na wewe, mshairi." Aliniangalia sana. "Asubuhi nikipita, ndivyo mnavyonisikia?"

"Saa nyingine, mzee."

"Mbona hamkuniambia?"

"Mwenye kipaza sauti ni wewe, mzee."

"Nikizidisha tena, utaniambia? Si nyuma ya mgongo wangu. Mimi mwenyewe."

"Nitakwambia, Mzee William," nilisema kwa sauti, Mama Anyesi na wote wasikie. "Nitakuja mchana kweupe, nikuamkie kwanza, halafu nikwambie."