Minazi Mia Tatu ya Milioni Tisa

Asmahani alikuwa amebakiwa na siku kumi, na alipungukiwa mteja mmoja. Kampuni yake ya Dar es Salaam, inayowatunzia watu mali na kuwatafutia pa kuiweka izae, ilimpa miezi sita apate watu kumi mkoani Tanga, kila mmoja mwenye mali isiyopungua shilingi milioni hamsini. Akiwapata, ofisi ya Tanga inabaki. Akikosa hata mmoja, ofisi inahamia Arusha na yeye anahama nayo. Arusha hakutaka kwenda, kwa sababu moja iliyolala chumba cha uani pale Nguvumali: mama yake, aliyepooza upande wa kulia, ambaye asubuhi na jioni lazima anyanyuliwe, aogeshwe na abadilishwe nguo. Msichana wa kazi wa tatu alikuwa ameshaondoka. Na mama mwenyewe habari ya Arusha hakutaka kuisikia.

"Baridi ile ikanimalizie upande uliobaki?" alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Dar es Salaam watu kumi ni kazi ya asubuhi moja. Unapanda lifti, unaingia ofisini kwa mtu, naye anajieleza kabla hujakaa. Anakuonyesha gari dirishani na nyumba kwenye simu, na hata mkopo wa benki anakutajia kwa kujisifu. Tanga, mtu akikuona na karatasi mkononi anakuwa fukara hapohapo. Kule Moa alimkuta mzee mwenye boti tatu za mashine na nyumba mbili za kupangisha, kakaa barazani na fulana iliyotoboka kwapani, akamwambia, "Sisi huku watu wa dua tu, mwanangu." Zilihitajika safari nne hadi akubali kwamba ana kitu. Kwa jasho la namna hiyo Asmahani alipata tisa.

Wa kumi kila mtu alimtajia: Mzee Uweso wa Mwera, ng'ambo ya Pangani. Yule tajiri, walisema, wala hawakufafanua.

Alimkuta anafua nazi mwenyewe, kifua wazi, msuli umefungwa juu ya magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kama ni kura, nimeshajiandikisha."

"Si kura. Nimekuja kuuliza habari za mali yako."

"Mali," alisema Mzee Uweso, akatazama nyuma yake kana kwamba kuna mtu mwingine anayeulizwa. "Mimi nina minazi."

"Mingapi?"

"Mia nne na kumi. Mmoja ulipigwa radi, lakini bado naupenda, nauhesabu."

Asmahani alicheka, halafu akafungua kitabu cha kampuni. Kanuni iliruhusu kuhesabu hata mali ambayo bado haijawa fedha, mradi ina karatasi yenye muhuri, na ukurasa wa mimea ulikuwa na bei: mnazi unaozaa, laki moja; mnazi mchanga, elfu thelathini. Alipiga hesabu mbele ya mzee. Milioni arobaini na moja.

"Imepungua tisa," alisema, na uchovu ulimtoka mdomoni kabla hajauzuia. "Ingekuwa hamsini, baba, ningebaki Tanga. Sasa itabidi niende Arusha, na mama yangu hajiwezi."

"Anaumwa nini?"

"Kiharusi."

Mzee Uweso aliacha kufua. "Imepungua tisa," alirudia polepole. "Na huo mchanga umesema elfu ngapi?"

"Thelathini."

Hakuuliza tena. Alimfungia nazi sita kwenye kiroba, akamwambia ampelekee mama atilie kwenye uji.

Siku ya sita simu ililia. Mzee Uweso hakusalimia sana. "Njoo Mwera. Ile tisa imepatikana."

Asmahani alidhani ameuza ng'ombe, au kuna mtoto wake aliye Unguja kamtumia. Alivuka na bodaboda akiwa na furaha ya mtu aliyeshushiwa mzigo. Alipofika, mzee alimshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha shamba. Katikati ya minazi mikubwa, mistari kwa mistari, mashimo mapya yalikuwa yamefukiwa, na kila shimo limetoa majani mawili matatu ya kijani.

"Mia tatu," alisema Mzee Uweso. "Mara elfu thelathini. Nimemwambia mwalimu anihakikishie, akasema ni tisa kamili. Nilikuwa na miche yangu kitaluni, mingine nimeazima kwa watu. Wanangu wamechimba hadi viganja vimechubuka. Na karatasi hii hapa, ina muhuri wa kijiji."

Asmahani aliitazama karatasi. Ilikuwa sahihi. Minazi mia nne na kumi inayozaa, minazi mia tatu michanga, mali ya Uweso. Alijaribu kuona kosa liko wapi, akakosa pa kulishika. Wiki iliyopita mtu huyu hakuwa tajiri. Leo ni tajiri, na hakuna hata senti iliyoingia Mwera.

"Baba, hii si... mimi sikusema upande miche."

"Ulisema imepungua."

"Nilisema, ndiyo."

"Basi." Alimtazama kama mtu anayemngojea mgeni aonje chakula. "Sasa hutakwenda Arusha."

Alirudi mjini na karatasi ndani ya mkoba, akiipapasa kila baada ya kilomita chache. Njia nzima alijiambia kwamba minazi ipo, ameiona kwa macho yake, na kitabu kimetaja mnazi mchanga bila kusema uwe wa umri gani. Jioni ile alimwogesha mama yake huku anaimba.

Alikuwa bado anamvisha dera pale mlango ulipogongwa kwa kiganja kizima. Aliingia mama mnene mwenye baibui, anahema, pochi kaishika kama ngao.

"Wewe ndiye Asmahani?"

"Ndiye mimi. Karibu."

"Sikaribii. Mie ni Sabra, naishi mtaa wa nne kutoka hapa. Shamba la Mwera ni langu."

"Shamba lipi?"

"Lile uliloambiwa la Uweso. Ardhi ni yangu, nimeirithi kwa babu yangu, na hati ninayo. Minazi ni yake, kairithi kwa babu yake, aliyepewa ruhusa na babu yangu apande. Hilo halina ugomvi. Yeye ana miti, mie nina udongo, na kila angusho, nazi zinapoangushwa, ananiletea kapu langu. Miaka yote. Sasa leo naambiwa kapanda mia tatu bila kuniuliza. Mia tatu. Na alipoulizwa, kasema ametumwa na msichana wa Nguvumali mwenye kitabu."

Asmahani alikaa kitandani, karibu na miguu ya mama yake. "Alikuwa ananisaidia mimi."

"Kwa udongo wangu?"

"Kwani akipanda kuna ubaya gani?" Aliuliza kwa dhati, kwa sababu alikuwa ameondoka Tanga akiwa mdogo, na shule alizosoma zilimfundisha hisa na hatifungani.

Aliyejibu alikuwa mama yake, kwa ulimi mzito, kutoka kwenye mto. "Mhogo unang'oa. Mnazi unakaa miaka sitini. Anayepanda mnazi kwako bila ruhusa anasema pako ni pake."

"Mungu akupe afya, dada," alisema Bi Sabra. "Huyu mtoto wako amesoma nini?"

"Biashara."

"Inaonekana."

Bi Sabra alipoondoka, Asmahani alimpigia simu mkuu wake wa Dar, Edgar, akamweleza yote, taratibu, akitumaini kwamba akiyasikia kwa sauti yake mwenyewe atayaelewa. Hakuyaelewa. Edgar ndiye aliyeelewa, kwa haraka ya kutisha.

"Kwa hiyo una wa kumi."

"Sijui."

"Karatasi ina muhuri?"

"Ina."

"Na huyo mama ana hati ya ardhi? Eka ngapi?"

"Kumi na tano."

"Asma, una kumi na moja. Mwandike yeye ardhi, mzee minazi. Unajua kuna mikoa huku tumekesha mwaka mzima hatujapata hata watano? Na wewe unalia."

"Edgar, ni shamba moja. Minazi haiuziki bila kusimama kwenye ardhi ya yule mama. Ardhi haiuziki na minazi ya mzee juu yake, mpaka alipwe kila mti. Yule mama hana fedha za kulipa miti mia nne, sembuse mia saba. Kila mzee anapoongeza mnazi, mali yake kwenye karatasi inapanda na ya mama inashuka. Au haishuki? Kitabu kinasema eka ni eka. Nikiwaandika wote nimeandika nini?"

"Umeandika wateja wawili."

"Na ule mnazi uliopigwa radi?"

"Upi?"

"Basi, acha."

Usiku ule alikaa na fomu mezani. Aliandika jina la Uweso, akaandika mia nne na kumi, kalamu ikagoma kwenye mia tatu. Akiandika, anabaki Nguvumali. Lakini karatasi ya kampuni ingekuwa ushahidi: ina tarehe na sahihi yake, inasema miche ile ni mali halali ya Uweso. Siku Bi Sabra akienda baraza la ardhi kudai udongo wake, Uweso atatoa karatasi ya Asmahani. Mzee mwenyewe huenda halijui hilo. Wanawe wenye viganja vilivyochubuka watalijua.

Aliandika sifuri, na Bi Sabra, ambaye hakuomba kuwa mteja wa mtu, hakumwandika kabisa. Asubuhi alituma majina tisa.

Edgar alimpigia saa nne. Hakugomba, na hilo ndilo lililouma. "Arusha hawana minazi," alisema. "Utapumzika. Tarehe mosi uwe umefika."

"Sitafika."

"Unaacha kazi?"

Asmahani alimsikia mama yake akikohoa uani. "Naona hivyo," alisema, na baada ya kukata simu alikaa akijiuliza kama ndiyo kweli ameacha kazi, kwa maneno mawili, bila hata barua.

Jumamosi aliwaita wote wawili Mwera, ili kila mmoja asikie kutoka kinywani mwake kwamba miche haikuandikwa popote. Mzee Uweso alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Bi Sabra alisikiliza akiwa amesimama, baibui limejaa mchanga wa njiani.

"Kwa hiyo utakwenda Arusha," alisema Mzee Uweso.

"Siendi. Sina kazi."

"Sasa mie nilipanda kwa ajili ya nini?"

"Hilo nami nakuuliza," alisema Bi Sabra.

Kisha Bi Sabra akasema kwamba kung'oa mche ulioshika ni dhambi, hang'oi, lakini hakubali miche ihesabiwe kwa Uweso. Mzee akasema hakubali ihesabiwe kwa Sabra, amechimba mwenyewe. Bi Sabra akasema nusu. Mzee akasema nusu ya ipi, mistari ya baharini au ya barabarani, maana ya baharini itazaa vizuri zaidi. Mwishowe wakakubaliana jambo moja: ihesabiwe mti kwa mti, ya zamani ipakwe rangi, mipya igawanywe mbele ya mjumbe, na ahesabu mtu ambaye hakumpendelea yeyote.

Wote wakamgeukia Asmahani.

"Mimi?" alisema. "Mimi ndiye niliyewaharibia."

"Hukuandika," alisema Bi Sabra. "Ungeweza kuandika."

Asmahani aliutazama msitu ule wa mali ambayo hakujua ni ya nani wala ya kiasi gani. Miti mia saba na kumi, siku tatu au nne, na kila siku lazima awe Nguvumali kabla ya magharibi kumwogesha mama yake. Ilifanana na kazi. Hakuwa na hakika.

"Nauli ya bodaboda na kivuko, na siku zangu," alisema. "Nani ananilipa? Mwenye miti au mwenye udongo?"

Mzee Uweso alimtazama Bi Sabra. Bi Sabra alikuwa ameshamtazama yeye, na kila mmoja akangoja mwenzake aseme.